Kombaini ya kukodi Ubaruku: misimu minne, nyota 3, na hesabu ambayo dalali hakuambii

Wakuu, kuna mtu juzi kaniuliza kama kukodi kombaini ya kuvunia mpunga huku Ubaruku, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, inalipa, nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona meseji inageuka gazeti, basi bora niandike yote mara moja anayetaka asome.

Mimi si mkulima wa kukaa shambani, niseme ukweli mapema. Nafundisha Mbeya mjini, nakodi ekari 3 Ubaruku, shamba nalisimamia kwa simu na bodaboda. Wale mnaowacheka kwamba wanalima WhatsApp, ndo mimi. Kombaini nimeanza kuitumia 2021 na msimu wa 2024 ulikuwa wa nne, kwa hiyo ninachosema hapa nimekilipia kwa hela yangu, sijasimuliwa. Jina la mwenye mashine sitaji maana namba zetu zote ziko kwenye simu moja ya dalali na bado nitamhitaji.

Namna inavyokwenda ni hivi. Hukodi kwa mwenye mashine, unakodi kwa dalali. Unampigia mpunga ukianza kuwa wa njano, anakuandika kwenye daftari lake, anakwambia "mwalimu wewe usijali, Jumanne saa mbili asubuhi mashine ipo kwako". Ukisikia saa mbili asubuhi jua tu huyo mtu anakupoza, mpunga wenye umande kombaini haivuni vizuri, nyasi zinajisokota ndani, hakuna dreva mwenye akili anawasha kabla ya saa nne. Msimu huo wa 2024 Jumanne yangu iligeuka Ijumaa. Ijumaa yenyewe mashine iliingia saa kumi na moja jioni, jua linaelekea kuzama, tanboi (msaidizi wa dreva) kashuka kabla hata mashine haijasimama ananiuliza "mzee ya soda ipo?" Nikampa buku tano, akaiangalia kama nimempa picha.

Ila ikianza kazi, aisee.

Hapo lazima niseme haki yake. Hiki kitu mtu ambaye hajawahi kukaa siku sita na vibarua shambani hawezi kuelewa utamu wake. Ina minyororo kama ya kijiko cha kuchimbia badala ya matairi, inaingia jarubani (kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta) inanguruma, mbele kuna kitu kinazunguka kama kapi kinauvuta mpunga kwenye kisu unakatwa, ndani huko inapura, inapepeta, nyuma inatema majani na makapi, na tanki likijaa inasogea barabarani inanyoosha bomba inamwaga punje safi kwenye turubai kama maji ya mfereji. Ekari moja haimalizi saa. Ekari zangu 3, ukitoa kipande kidogo cha chini nitakachokieleza, zilikuwa zimeisha kabla ya saa mbili usiku, walimalizia kwa taa za mashine, mimi nimesimama pembeni na mbu wangu nafurahi kama mtoto. Zamani kazi hiyo hiyo ilikuwa ni wiki nzima, hapo mvua isipodondoka na kwelea kwelea hawajakukumbuka. Kwa spidi nawapa 5 kwa 5.

Sasa kasoro, maana nyingine dalali hakuambii.

Ya kwanza inavunja kingo. Majaruba yetu ni madogo, mashine inataka kugeuka, basi inakanyaga tuta na kwenda zake. Msimu wa 2024 mvua zilikuwa za El Nino ile mbaya, udongo ulikuwa bado tope upande wa chini, ikazama, ikabidi litafutwe trekta la kuivuta, imeacha mitaro unaweza kufugia kambare. Kuzitengeneza zile kingo kabla ya kupanda tena ni hela yangu. Na kile kipande cha chini kama robo ekari hawakukivuna kabisa, dreva kasema "hapa siingii" akageuza. Kwenye bei robo ekari haikutolewa lakini. Nilibishana mpaka nikachoka.

Ya pili ni mbegu. Mimi nilipanda SARO 5, ambayo kwa kombaini ndo yenyewe, ni fupi inasimama wima haianguki ovyo. Jirani ambaye mashine ilitokea kwake alipanda Supa. Hakuna aliyesafisha tanki, kwa hiyo gunia zangu mbili tatu za mwanzo zilikuwa mchanganyiko, ukitaka kutunza mbegu humo umeumia. Ukiwa wa kwanza kwenye foleni ya siku hiyo unapona, au simama kabisa umwambie tanboi afungue mlango wa chini atoe mabaki, ongeza soda. Na wenye Supa ndefu iliyolala chini kwa upepo msijidanganye, mashine itawaachia masuke chini ya kutosha kulisha kuku wa kijiji kizima.

Ya tatu ni unyevu na hii wengi wa mjini inatupiga. Mpunga wa mundu ulikuwa unakatwa unalazwa shambani siku kadhaa unapigwa jua ndo unapurwa. Huu wa kombaini unatoka mbichi ukiwa moto moto, ukiufunga kwenye viroba usiku huo huo ukasema nitaanika wikiendi, ukija unakuta joto limepanda ndani na punje zimeanza njano, na kule kukoboa unatoka chenga tupu. Unatakiwa ushuke mpaka unyevu wa asilimia 14 hivi ndo uweke stoo. Kwa hiyo bajeti ya turubai na watu wa kuanika ipo pale pale, dalali anasahau kuitaja.

Haya tuje kwenye mkwanja, maana hapa ndo nilikuwa nataka kufika.

2018 nilivuna kwa mikono. Daftari ninalo. Kukata ekari moja elfu 60. Kupiga na kupepeta elfu 3 kwa gunia, nilipata gunia 24 kwa ekari, hiyo 72,000. Kubeba mpaka barabarani buku kwa gunia, 24,000. Msosi wa vibarua kama 20,000. Jumla 176,000 kwa ekari, kwa ekari 3 ni 528,000.

2021 nikaletewa habari njema: kombaini laki moja kwa ekari, hakuna kukata, hakuna kupiga, hakuna kupikia watu. Laki 3 nimemaliza kazi! Nikaona hawa wanaoendelea na mundu wana matatizo gani. Nikawatangazia hadi walimu wenzangu, wawili wakaingia kwenye mpunga kwa sababu yangu.

2022 ikawa laki na ishirini. Mafuta yamepanda, nikaelewa, mwaka ule dizeli kweli ilitutoa jasho. 2023 laki na thelathini na tano. 2024 laki na nusu, ukitoa hiyo kuna soda za tanboi na dreva kwangu zilifika elfu 20, kuna vijana wa kujaza na kushona viroba jero kwa kiroba, viroba 72, elfu 36. Piga: 450,000 jumlisha 36,000 jumlisha 20,000. Inakuja 506,000.

Yaani kutoka 528,000 za mikono ya 2018 nimefika 506,000 za mashine ya 2024. Najua kuna mtu atasema na vibarua nao wangepanda bei, sawa kabisa, wangepanda, hela ya 2018 si hela ya leo. Ila hebu mnisikilize bei imepandaje, maana si dizeli peke yake.

2021 nilipokuwa naongea na dalali, mkononi nilikuwa na silaha: nikimwambia "bei hiyo siwezi, naita watu wangu" alikuwa anajua watu wapo kweli. Msimu ukifika Ubaruku ilikuwa inajaa wageni, watu wanashuka kutoka Makete, Njombe, Uporoto huko milimani, na mundu kwenye kiroba na sufuria zao, wanapanga vyumba vya msimu au wanalala kwenye vibanda mashambani, mama ntilie wanapata wateja mpaka wa deni. Mwaka wa kwanza wa kombaini walikuja wakakosa kazi nusu. Wa pili wakaja wachache. 2024 nimeona vikundi viwili tu, na vyote vinakimbilia maeneo ya tope ambako mashine haiingii. Sasa nikimwambia dalali naita watu wangu, anacheka. Kweli kabisa alicheka, akasema "mwalimu, waite." Hapo ndo nikajua laki na nusu si bei ya kazi, ni bei ya mtu ambaye hana pengine pa kwenda. Na msimu unaofuata sijui atasema ngapi.

Kuna mama mmoja naomba nimweleze kidogo. Namwita shangazi ingawa hatuna undugu, ni mtu mzima, kanizidi kama miaka ishirini. Yeye ndo alikuwa kiongozi wa akina mama wa kupepeta kwangu tangu nianze. Ungo wake ana namna ya kuuchezesha, anainua anashusha, makapi yanaruka upande wa upepo punje zinabaki zinalia shaa shaa, na anaimba, na anagombeza vijana wanaopiga mpunga nje ya turubai. Malipo yake alikuwa anataka nusu hela nusu mpunga, msimu ukiisha anaondoka na gunia zake tatu nne kutoka mashamba tofauti na hicho ndo chakula chake mpaka Machi.

Ijumaa ile wakati kombaini inamwaga mzigo alikuwepo. Kaja na ungo, kiroba, na ufagio wa chelewa. Nikadhani kaja kunisalimia. Bomba lilipoinuliwa na turubai kukunjwa, yeye na wenzake watatu wakainama wakaanza kufagia punje zilizomwagikia kwenye vumbi la barabara, wanapepeta pale pale, mchanga huku punje huku. Nikamuuliza shangazi unapata ngapi hivi kwa siku, akasema "nusu debe mwanangu, siku nzuri debe." Nikajifanya kuangalia simu. Alafu akanyoosha mkono kwenye mashine akaniuliza, wala si kwa hasira, alikuwa anauliza kweli: "Hili dude halili ugali, halisomeshi mtoto. Hiyo hela mnayolipa inakwenda kula nini?"

Mwalimu mzima nikakosa jibu. Ila nimelifikiria njiani kurudi Mbeya na jibu ninalo sasa. 176,000 ya ekari moja 2018 ilikuwa inapita kwenye mikono ya watu kumi na mbili hivi, na karibu yote ilikuwa inalala Ubaruku: kwa mama ntilie, dukani, kwa fundi cherehani, ada ya mtoto. 150,000 ya 2024 dreva anapata kipande chake, tanboi kidogo, dalali chake, dizeli sehemu kubwa, inayobaki inapanda basi kwenda kwa mwenye mashine ambaye mimi mpaka leo sijamwona sura, nasikia yuko Makambako, wengine wanasema Dar. Mashine yenyewe inauzwa makumi ya mamilioni. Benki itamkopesha mwenye hati ya nyumba, shangazi na ungo wake ataweka dhamana nini? Kwa hiyo mpunga ni ule ule, jasho limepungua, hela haijapungua sana, kilichobadilika ni nani anaipokea.

Na kuna jambo lingine ambalo mimi mwenyewe nimelishiriki bila kujua. Zamani mtu wa mjini alikuwa hawezi kulima ekari 20, vibarua wa kuwasimamia hizo ekari wangekutoa roho. Sasa unaweza. Pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) inalima, dawa inaua magugu, kombaini inavuna, wewe uko ofisini. Matokeo yake watu wa mjini tumeshuka Ubaruku kama nzige na bei ya kukodi shamba imeruka, mimi nilianza kwa laki 2 ekari, 2024 nimelipa laki 4 na nusu. Wenyeji wenye ekari moja moja wanaona bora wakukodishie wapumzike, alafu ile hela ikiisha wanatafuta kibarua, na kibarua ndo hicho tumekiua. Wale walimu wawili niliowaingiza, mmoja sasa ana ekari 12. Nampongeza, ila mbili kati ya hizo zilikuwa za kijana aliyekuwa ananikatia mpunga mimi.

Msinielewe vibaya mkadhani nataka turudi kwenye mundu. Mundu ni mateso. Mtu anainama kutwa kwenye maji ya jaruba, mgongo unakufa, kichocho kiko humo humo, na misimu ile tulikuwa tunajua wazi watoto fulani hawaji shule kwa sababu wako shambani wanaamia ndege au wanabeba masuke. Kijana mmoja wa kundi la zamani sasa hivi ni tanboi wa hiyo hiyo kombaini (ndo aliyenililia soda) na ananiambia harudi kukata mpunga hata umpe laki. Pale senta kuna fundi wa kuchomelea anatengeneza visu vya kombaini, kapata jina. Ajira mpya zipo. Ila hesabu zake ni ndogo: mashine moja inabeba watu watatu, na imefuta kazi ya kundi zima kwenye kila shamba inaloingia, na watatu wenyewe wote ni wanaume. Kupepeta ilikuwa kazi ya akina mama. Hakuna tanboi mwanamke niliyemwona misimu yote minne.

Na haya si ya Mbarali peke yake. Kericho kule Kenya kwenye chai wamepitia, mashine za kuchuma majani zimeingia mashamba makubwa, kikosi kazi cha kaunti kikasema kazi kama 30,000 zimepotea kwa miaka kumi, na Mei 2023 watu wakavamia wakachoma mashine moto. Uingereza nao, 1830, vibarua wa mashambani walipita usiku shamba kwa shamba kuanzia Kent wanavunja mashine za kupura, kwa sababu kupura nafaka ndo ilikuwa kibarua chao cha miezi ya baridi, hawana kingine. Nilipokuwa nalifundisha tukio hilo la Uingereza zamani darasani nilikuwa nalipita haraka haraka kama watu wajinga fulani waliogopa maendeleo. Baada ya ile nusu debe ya shangazi sijui kama nitalifundisha vile tena.

Huku kwetu hakuna aliyechoma kitu. Watu wameacha tu kuja.

Kwa wanaotaka ushauri wa haraka: kama una ekari 2 kwenda juu, mbegu fupi, shamba limekauka vizuri, kodi kombaini, utafurahi. Funga maji mapema, wiki mbili kabla hivi, usisubiri mpunga uwe umekauka kabisa. Pima shamba lako mwenyewe kwa kamba mbele ya dreva kabla haijawashwa, maana ekari ya dreva na ekari ya bwana shamba si ndugu. Usilipe yote mbele. Chini ya ekari moja au kwenye tope, usijisumbue, hawatakuja au watakuja wakuharibie. Na kama mko kumi na mko kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) inayoeleweka, ulizieni hata zile mashine ndogo za kupura tu, kundi la akina mama na vijana linaweza kuimiliki, linakata kwa mkono linapura kwa mashine, na hela inabaki. Mimi ningeikodi hiyo kesho asubuhi kama ingekuwepo jirani.

Spidi 5. Usafi wa mzigo 4. Kutunza muda 1, na hiyo moja nimewapa kwa sababu angalau walikuja. Bei ilikuwa 5, sasa 2 na inashuka. Kwa ujumla nyota 3.

Ile robo ekari ya chini waliyoikimbia, mpunga ulikuwa bado umesimama Jumapili nikampigia shangazi. Simu imeita mpaka nikataka kukata. Akapokea kuna kelele za watu, akaniambia yuko Mbozi, kaenda kuchuma kahawa. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo akasema atakuja na wenzake wanne, ila nauli yao juu yangu, msosi juu yangu, na kwa hiyo robo anataka elfu 50. Nikamwambia shangazi, elfu 50 robo ekari? Ni laki mbili kwa ekari hiyo! Akasema "mwanangu, mwenye dude anakupandishia kila mwaka hujawahi kumuuliza."

Nimemtumia elfu 20 ya nauli kwenye simu. Wanakuja Alhamisi.